Pikapu Mpya ya Kasanda na Oili Yake

Kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Wiki iliyopita hapa Kasulu nimemwona bwana mmoja na pikapu mpya, viti bado vimevaa nailoni za kiwandani, kila akijigeuza zinampigia kelele. Nikamuuliza, "Oili ya kwanza umeshamwaga?" Akanitazama kama nimemwambia achinje mbuzi aliyezaa jana. "Babu, gari jipya hili! Oili ya kiwandani, safi kabisa!" Lo! Nikaondoka zangu, maana mtu mzima hagombani njiani. Lakini neno limenikaa kooni hadi leo, na ninyi vijana mnaonunua magari kabla hamjaota ndevu ndio mtakaolisikiliza, mpende msipende.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilihamishiwa Kibondo miaka ya tisini, dereva wa serikali, nikaja na sanduku moja na koti la kuazima kwa shemeji, kwa kuwa niliambiwa huku kuna baridi. Nilijiambia nitakaa kidogo, niombe uhamisho, nirudi pwani nikale samaki. Sasa nina wajukuu wanaosema Kiha kunishinda, na koti la watu sijalirudisha.

Kituo chetu cha afya kilikuwa upande wa Kasanda. Siku hizo Kasanda ilikuwa Kibondo, Kakonko haijawa wilaya. Ni miaka ile wakimbizi walipokuwa wakiingia kutoka Burundi, na barabara zetu za vumbi jekundu zikajaa magari meupe yenye antena ndefu. Sisi tulikuwa na Landrova moja iliyokuwa inasukumwa zaidi kuliko kuendeshwa. Siku moja shirika fulani likatupa pikapu mpya, dizeli, kebini moja, turubai nyuma. Wallahi nilipokabidhiwa ufunguo nilinawa mikono kwanza. Harufu ya gari jipya mimi naipenda mpaka leo, na nikipita karibu na gari jipya nasimama kidogo kuivuta, watu wananicheka.

Fundi wetu alikuwa Mzee Bukuru. Alivuka mpaka akiwa kijana, zamani, kabla ya hawa waliokuja miaka ya tisini. Akapokelewa na watu wa Muyama, akajifunza ufundi kwenye karakana ya misheni Kasulu, akawa raia, akaoa, akazeeka. Mtu mfupi, mkali, kofia ya kitambaa haimtoki kichwani. Mimi aliniita Mswahili tangu siku ya kwanza, jina langu hakujishughulisha nalo. Asubuhi nikimwamkia shikamoo ananijibu kwa salamu ya kwao, "Mwakeye, Mswahili," kisha swali linafuata hapo hapo: "Oili umepima?"

Na kupima kwenyewe kulikuwa na adabu zake. Gari lisimame mahali sawa, si mteremkoni. Injini izimwe, usubiri kidogo oili ishuke yote chini. Uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena ndipo usome. Wengine wenu mnachomoa mara moja, mnatazama, mnasema "ipo." Ipo nini? Hata maji ya kisima yapo.

Pikapu ilipofika kilomita elfu moja hivi, Mzee Bukuru akasema tumwage oili. Bwana stoo wetu, mtu mwema lakini mgumu wa kutoa vitu, akaja juu. "Oili haijachafuka hata! Mnamwaga mali ya serikali?" Mzee hakubishana naye. Aliingia chini ya gari injini ikiwa bado ya moto, maana oili ya moto hutoka yote na uchafu wake, ile ya baridi huacha mashapo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Akafungua nati, oili ikashuka kwenye beseni. Kisha akamwita bwana stoo, akamwinamisha juani. Oili ilikuwa inametameta. Vumbi la chuma, jembamba sana, linang'aa humo ndani kama mchanga wa mtoni.

"Injini mpya ni vyuma vilivyokutana jana," Mzee akasema. "Bado vinasuguana, vinazoeana. Hicho unachokiona ni ngozi yao. Wataka irudi kuzunguka humo?"

Bwana stoo akakubali, ila alinung'unika mpaka saa ya chai.

Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa maharage pale Makere ambaye hakupata wa kumwinamisha juu ya beseni. Alinunua pikapu mpya, akaapa oili ya kiwandani haitoki, eti ndiyo yenye nguvu; akawa anaongezea tu ikipungua. Aliringa nayo misimu kadhaa. Injini ikamkamatia njiani, magunia ya maharage juu, mvua inanyesha, maharage yakaanza kuota humo humo kwenye gunia. Watu wa Makere hawasahau. Mpaka leo mtu asiyesikia ushauri wanamuuliza maharage yake yameota lini.

Sasa, kabla sijafika ninapokwenda, jueni desturi moja ya huku. Oili chafu haikuwa taka. Mchwa wa nchi hii wanakula nyumba mtu akiwa amelala ndani, na dawa yao ilikuwa kupaka nguzo oili iliyotumika. Wenye baiskeli nao walitaka ya minyororo. Ikisikika kwamba Mzee Bukuru anamwaga oili, madumu ya njano yanapangwa nyuma ya karakana kwa foleni, wenyewe wamekwenda shambani au sokoni. Akimaliza, anamimina kwenye dumu la mbele. Hakuna aliyeruka foleni ya mwenzake. Nilipenda sana jambo lile, nikawa nawaambia ndugu zangu wa Pangani kwamba huku madumu yana nidhamu kuliko watu wa feri.

Mzee alikuwa na binti, Generoza, ameolewa kijiji cha jirani. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimkamata wakati Landrova imelala. Walimbeba kwa machela, vijana wakipokezana vilima vyote vile, mpaka wakapata lori la kuwafikisha Kibondo. Alipasuliwa, akapona yeye. Mtoto hakupona. Daktari akamwambia Mzee waziwazi kwamba mtoto atakayefuata azaliwe hospitali, kwa kisu tena, na wasithubutu kungoja kijijini, maana mshono wa zamani unaweza kuachia na hapo wataondoka wote wawili.

Pikapu ilipokuja, Generoza alikuwa mjamzito tena. Ndiyo maana Mzee aliilinda pikapu ile kama mboni ya jicho. Mimi nilidhani anapenda vyuma tu. Nesi Ndeshi, mkunga wetu, mama wa Kichaga aliyepangiwa kazi huku kama mimi, ndiye aliyenifungua macho. "Wewe unaona gari," aliniambia. "Mwenzio anaona mjukuu."

Haya. Oili ya kwanza tumemwaga, kitabu cha gari kinasema ya pili ni kilomita elfu tano. Tukatulia. Kosa letu likaanzia hapo, na ni kosa la miaka ile na mahali pale tu.

Ndani ya pikapu palifungwa redio ya kuitana na Kibondo na kambini. Simu hapakuwa, redio ndiyo ilikuwa mdomo wa kituo kizima: wagonjwa, dawa, ugomvi, salamu. Redio ile ilikula betri kama mchwa anavyokula nguzo. Ukiiacha wazi injini ikiwa imezimwa, adhuhuri stata haisemi neno. Kwa hiyo amri ikatoka kwamba injini iachwe inaunguruma mchana kutwa. Naiegesha dirishani pa wodi ya wazazi, naiwasha asubuhi, naizima jioni. Siku nyingi pikapu haikutoka hata getini. Kilomita zikawa zinaongezeka kidogo kidogo, nami nikiziangalia nasema moyoni, aa, bado sana.

Aliyegundua ni Nesi Ndeshi. Alikuwa anaisikia injini ile siku nzima kupitia dirishani kuliko sisi wote. Asubuhi moja ya kipupwe alitoka wodini, glavu mkononi, akasimama mbele ya boneti.

"Baba Mswahili, gari lako linahema vingine. Mwezi uliopita lilikuwa linanong'ona, sasa linakwaruza."

Nilitaka kucheka. Mzee Bukuru hakucheka. Alizima injini, akasubiri, akachomoa kijiti. Akasugua oili kati ya vidole, akanusa, akanyoosha mkono niione. Ilikuwa nyeusi tii, nzito, ina chengachenga, na inanuka dizeli.

"Yoo!" akasema. "Kilomita zimetudanganya. Gari limesimama, injini imesafiri mpaka Dar na kurudi."

Liandikeni hilo mahali. Gari linaloachwa likiunguruma, linalopanda vilima na mzigo, linalomeza vumbi, linalokwenda safari fupifupi bila kupata moto sawasawa, oili yake huchoka kabla ya kilomita za kitabu. Baadaye Mzee alinifundisha kutazama tangi la dizeli. Ukiona dizeli inakwisha kupita kilomita zinavyoonyesha, liamini tangi. Siku ile lakini hatukuwa na hekima hiyo. Tulikuwa na hofu tu, na injini ya moto tayari kwa kumwagwa. Generoza alikuwa aende Kibondo wiki iliyofuata akangojee huko karibu na hospitali, na Mzee hakutaka kuchelewa hata saa moja. Akaingia chini, akafungua nati.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Oili mpya tulijua ipo, dumu zima, ilinunuliwa Kasulu kwa kupimwa kutoka pipani, bwana stoo ameihifadhi. Hatukuitazama. Tuliimwaga ya zamani, Mzee akabadilisha filta, akaifunga kwa mkono baada ya kuipaka oili mpira wake, akarudisha nati, akamimina oili chafu kwenye dumu la mbele la foleni. Mwenyewe alikuwepo, mzee mmoja mkulima, akalifunga kwenye baiskeli yake, akashukuru, akaenda. Kisha bwana stoo akaleta dumu letu. Mzee akaliinamisha juu ya tundu la injini.

Hakikutoka kitu.

Akalitikisa. Kimya. Akachungulia, akaingiza kijiti, kikatoka chekundu. Mawese! Mawese ya Kigoma, yameganda kwa baridi ya Kasanda kama mshumaa. Mama mmoja alikuwa ameshuka na mawese yake kutoka Kigoma, akaomba dumu lake lihifadhiwe stoo, madumu yote ya njano, yote sawa. Aliporudi alichukua la jirani, lile letu la oili. Tulikuja kujua baadaye kwamba alipofungua akaona si ya mboga, akadhani amepewa oili ya nguzo, akashukuru Mungu, akapaka nyumba nzima. Nyumba ile haijaliwa na mchwa hadi leo, maana imepakwa oili ambayo magari mengi ya wilaya yalikuwa hayajaionja.

Bwana stoo, kwa fedheha, akasema, "Mzee, tukiyapasha moto yatayeyuka."

"Wataka nikaange injini?" Mzee akamjibu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko hakijaisha mdomoni, nikaona watu wanaingia getini wanakimbia. Mbele ni mume wa Generoza, nyuma Generoza mwenyewe amekalishwa kwenye kiti cha baiskeli, kinamama wawili wanamshikilia huku na huku. Uchungu umemwanza kabla ya wakati.

Nesi Ndeshi alimpokea, akamlaza, akampima. Akatoka akamtazama Mzee usoni. "Baba, si wa kungoja. Sasa hivi."

Tuliwasha redio kwa betri, tukaita Kibondo. Wakajibu gari lao limekwenda kambi ya mbali, tusubiri. Tusubiri mpaka lini? Wakasema tusubiri. Mzee akasimama katikati ya uwanja dakika chache bila kugusa kitu. Sijawahi kumwona vile. Mtu aliyejua kila nati ya gari lile, na gari limekaa mbele yake tupu kama kibuyu.

Halafu akasema polepole, "Mswahili. Mwenye baiskeli."

Nilikimbia. Mimi na kitambi changu cha pwani, kilima cha Kasanda, kandambili zikanitoka nikaziacha. Nilimkuta yule mzee anasukuma baiskeli mlimani, maana na dumu lile hakuweza kupanda. Nikamweleza huku natweta, maneno nusu hayatoki. Hakuniuliza mara mbili. Aligeuza baiskeli.

"Nyumba yangu ina nguzo," akasema, "itasimama kidogo. Twende, mwana wa watu."

Mzee Bukuru alikuwa na msemo kwamba oili iliyotoka hairudi, mtu hali matapishi yake. Siku ile alimwomba Nesi Ndeshi gozi, zile nyeupe za kufungia vidonda, akazikunja mara nyingi, akaziweka kwenye mdomo wa faneli, akaanza kuimimina oili ile ile. Gozi zinageuka nyeusi, anabadilisha, anaendelea. Hakumwaga tone. Bwana stoo alishika faneli, na nyuma yake wenye madumu walikuwa wamerudi, hakuna aliyedai foleni.

Generoza akalazwa nyuma kwenye godoro, mumewe na Nesi Ndeshi pembeni yake. Mzee akapanda mbele na mimi. Niliwasha. Injini ikakwaruza, ikashika.

"Usikanyage sana," aliniambia. "Ipe gia mapema. Kilimani usiilazimishe, mteremkoni isaidie." Hayo tu. Barabara yote alikuwa ameinamisha kichwa karibu na dashibodi, anasikiliza mbele, halafu sauti ya mwanawe ikija kutoka nyuma anafumba macho. Ukoo mzima wa mtu ulikuwa nyuma yangu chini ya turubai, na mbele yangu oili iliyochoka.

Tulivuka mabonde mawili salama. Kwenye kilima kirefu cha mwisho, taa nyekundu ya oili ikapepesa. Ikazima. Ikawaka tena, ikabaki.

Vijana, taa ile ikiwaka, zima gari hapo hapo ulipo. Usiseme nitafika kwanza. Nimefundishwa hivyo na Mzee Bukuru, alinifokea juu yake mbele ya watu hata nikatamani kulia. Alikuwa akisema zima hata kama umembeba askofu. Ukiendelea, unaua injini. Na ikifia njiani, umeua na aliye nyuma. Ukizima nayo, ukangoja ipoe, huenda isiwake tena, na mshono wa mtu hausubiri injini ipoe.

Nikamtazama. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuachia.

Akavua kofia yake, akaitundika juu ya dashibodi, akaifunika ile taa.

"Endesha, mwanangu," akasema.

Aliniita mwanangu, mara ile. Nikaendesha. Sauti ya kugonga ilianza tukiwa tunaona mabati ya Kibondo, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwa nyundo. Niliimba moyoni dua zote alizonifunza mama yangu. Niliingiza pikapu hadi mlangoni mwa hospitali, wakatoka na machela, Generoza akaingizwa, mlango ukafungwa.

Tulikaa kwenye benchi. Mzee alikuwa kichwa wazi, mvi zake nilikuwa sijawahi kuziona zote. Alitazama mikono yake, nyeusi mpaka viwikoni, akaenda bombani akaanza kuisugua kwa sabuni ya unga na mchanga. Alisugua, akasugua, oili ikabaki kwenye mistari ya viganja.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa bado yupo pale bombani. Nesi Ndeshi alitoka na kifurushi cha khanga kinachopiga kelele kwa hasira, mtoto wa kike. Akasema mama mtu yuko salama, wanamshona. Mzee akaficha mikono nyuma. "Nitamchafua," akasema. Nesi Ndeshi akamwambia aache upuuzi, akamwekea mtoto kifuani.

Alilia, vijana. Mwanamume yule mkali alilia mbele za watu, kwa sauti, akimsemesha mtoto kwa lugha yake maneno mengi ambayo sikuyaelewa na sikuhitaji kuyaelewa. Mimi nami nililia, kwa nini nifiche.

Alipotulia nikadhani ataniuliza habari za gari, maana lilikuwa bado linawaka pale mlangoni, hakuna aliyekumbuka kulizima, na kugonga kwake kulisikika mpaka benchini. Nikamwambia mimi mwenyewe, "Mzee, injini inagonga. Nikaizime?"

Hakuinua hata macho.

"Iache igonge," akasema.